Nakala ya Pili ya Kitabu cha Adelia

"Nani anaweka kitabu ndani ya oveni?" Emmett alifoka.

"Nani anawasha oveni bila kuchungulia?" Adelia alimjibu. "Panya wa nyumba hii wanakula karatasi. Oveni ina mlango wa chuma. Ningekiweka wapi?"

"Nilitaka kukuchomea viazi, mke wangu. Tangu asubuhi hujala."

"Umechoma sura tatu. Onja basi, zimeiva?"

Moshi ulijaa jikoni. Adelia aliketi, majivu mkononi. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi. Riwaya zake mbili zilisomwa Nebraska nzima, hata Chicago. Hii ya tatu, ambayo bado ilikuwa mswada tu, ilimhusu mama yake, aliyekuja mbugani kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Wachapishaji wa Boston waliisubiri. Zilizoungua ndizo sura za safari ya mama.

"Siandiki tena," alisema. "Narudi kufundisha."

Jirani yao, Bi Hulda, aliingia bila hodi. Alikuwa ameuona moshi; sasa akayaona majivu ya karatasi. Zamani alipiga chapa katika ofisi ya gazeti.

"Nakala nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Nakala gani?"

"Mungu wangu! Vitabu vyote hivyo umevituma Boston bila kubaki na chochote?"

Emmett alicheka. Adelia akamkazia macho.

"Sikilizeni," alisema Bi Hulda. "Unachukua karatasi mbili. Katikati unaweka karatasi ya kaboni, upande wa wino ukiangalia chini. Ukipiga chapa, maneno yanatokea kwenye zote mbili. Moja unakaa nayo. Nyingine inakaa kwangu. Nyumba yako ikiungua, yangu ipo. Hata hati ya shamba langu nimeifanyia hivyo."

"Maneno yenyewe ndiyo yameungua, Bi Hulda."

"Si ulinisomea kila jioni?" alisema Emmett. "Mama yako anashuka garini, viatu mkononi. Anauliza, 'Miti iko wapi?'"

"Hakuuliza hivyo! Aliuliza, 'Kamba ya nguo tutaifunga wapi?'"

"Haya, endelea hapohapo," alisema Bi Hulda. "Emmett, kalete mashine yangu ya kupiga chapa. Na kaboni."

Emmett alikimbia. Adelia akasema, Bi Hulda akapiga chapa. Ukurasa wa kwanza ulitoka, na nakala yake chini.

Adelia alimpa mumewe nakala. "Ipeleke nyumbani kwa Bi Hulda. Itie kwenye sanduku lake la bati."

"Ukurasa mmoja tu? Na theluji yote hii?"

"Sasa hivi, Emmett."

Emmett aliitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote, akavuka barabara. Nyuma yake Adelia alikuwa ameshaanza ukurasa wa pili.