Samli Ndani ya Cherehani

Kila nikitoka shule hapa Rujewa, kazi yangu ni kufagia chini ya cherehani ya Mama. Mashine za kukoboa mpunga ziko jirani, na vumbi la pumba huingia kila mahali.

Cherehani yenyewe ni kuukuu, ya kukanyaga kwa miguu. Mama aliinunua Iringa mjini. Zilikuwepo mpya za plastiki, zinang'aa, kwa bei hiyohiyo. Lakini hii aliizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akajaribu kushona kipande cha kitambaa, kisha akauliza kama vipuri vyake vinapatikana Rujewa. "Nataka ya kushonea, siyo ya kutazama," alisema.

Kila wiki ilihitaji matone machache ya mafuta ya cherehani, na kuyatia ilikuwa kazi yangu. Siku moja nikaiangusha chupa mpya aliyoinunua dukani kwa Mzee Saulo, mafuta yote yakamwagika. Niliogopa kusema. Sisi ni Wasukuma, wafugaji, na nyumbani kwetu samli hulainisha kila kitu, kuanzia visigino hadi bawaba za mlango. Nikayeyusha samli, nikaijaza ile chupa. Nilijiona mjanja. Mjanja gani, mjinga mtupu.

Baada ya wiki tatu chumba kilianza kunuka kama soksi zilizolowa zikasahaulika. Mama alikuwa akishona gauni jeupe la Juliana, binti wa jirani, la kuvaa Jumapili kwenye kipaimara. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Ikiharibika, nani angemletea tena kitambaa? Ijumaa cherehani ikakwama. Mama alipolitoa gauni, kifuani palikuwa na doa la njano, linateleza, limenasa pumba.

"Saulo ameniuzia uchafu," Mama alisema. Akaenda dukani, akamgombeza Mzee Saulo mbele ya wateja. Mimi nilisimama nyuma yake, kimya.

Mchana akaja Didas, fundi wa cherehani, na Mama akamsimulia jinsi alivyomgombeza Mzee Saulo. Alifungua kifuniko cha chini, akageuza uso pembeni. Mende wawili wakakimbia. Wengine walikuwa wamekufa ndani ya utelezi wa kahawia, miguu juu. Didas akachota kidogo kwa bisibisi, akanusa.

"Hii ni samli. Nani anailisha cherehani samli?"

Mama alinitazama.

"Ni mimi, Mama. Nilimwaga mafuta, nikaficha. Mzee Saulo hana kosa."

Mama akakaa kitini. Didas akanipa brashi na mafuta ya taa. "Safisha mwenyewe," alisema. Nilisugua hadi jioni, nikitoa mabawa ya mende kwa vidole vyangu. Didas akakausha kila kitu, akatia mafuta yanayofaa, gurudumu likazunguka vizuri. Mama naye akafumua kipande kilichochafuka, akakata kingine kwenye kitambaa kilichosalia, gauni likawa zima tena.

Nilipomrudishia Didas brashi yake, aliniambia taratibu, "Kulwa, cherehani ikitiwa mafuta yasiyo yake inakwama, nami naifungua. Lakini wewe ulimwona mama yako akimwaibisha mtu asiye na kosa, ukanyamaza. Hilo linanuka kuliko samli, na brashi yangu haiwezi kulisafisha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Sasa nenda dukani."

Dukani kulikuwa na wateja wanne. Nikamwambia Mzee Saulo mbele yao wote kwamba kosa lilikuwa langu.