Safu ya Jina la Mama

Kosa ni langu, lakini aliyelipa ni Beatrice.

Mimi na rafiki yangu huyu tunapenda kutembea nchi. Mabegi mgongoni kama wanafunzi wa bweni, ila kulala tunalala pazuri: godoro nene, maji ya moto, samaki wa kuchagua wenyewe. Ujana wa kulala sakafuni tulishaumaliza. Ndiyo maana kule Msimbati, kabla ya kufika mto Ruvuma, tulichukua nyumba nzima ya wageni, tukae kwa nafasi.

Jua likizama, mwenye nyumba, Bi Saida, aliniita barazani niandike majina yetu. Beatrice alikuwa anaoga. Kitabu cha wageni kilikuwa cha kawaida: jina, kabila, utokako, uendako. Lakini safu ya mwisho ilikuwa imechorwa kwa mkono.

Jina la mama.

Nikashtuka. Mimi ni mtoto wa Nanyamba. Bibi yangu alinionya mapema kwamba mchawi akikutaka, kwanza hulitafuta jina la mama yako. Nikajiona mjanja. Nikapiga mstari mahali pangu, nikapiga na pa Beatrice.

Bi Saida akasogea karibu.

"Mama zenu wametangulia, mwanangu?" akanong'ona.

"Hatuna mama," nikamkatiza.

Akafunga kitabu upesi. "Basi mkiitwa... msiitike."

Nilidhani ananitisha ili nimtajie. Nilikasirika, nikaingia ndani, na Beatrice sikumwambia kitu.

Alikuwa kitandani anachana nywele. Nje giza lilikuwa halijakolea. Ndipo nikasikia hatua mchangani. Chapa... chapa... Hatua za miguu iliyolowa. Zikaja hadi dirishani. Harufu ya maziwa ikaingia, ile ya mwanamke anayenyonyesha.

"Beatrice..."

Sauti ya mama mtu mzima, ya upole kabisa. Nikaruka nimzibe mdomo. Nilichelewa. Beatrice amelelewa vizuri kwao Morogoro. Mkubwa akimwita huitika hata kabla hajajua ni nani.

"Abee, mama."

"Unaongea na nani?" nikamuuliza.

"Na mama," akasema. Akaendelea kuchana nywele.

"Farida..."

Sasa ilikuwa zamu yangu. Nikaiuma kanga. Niliitwa mara tatu, na mara zote tatu ulimi ulitaka kuitika. Kisha hatua zikaondoka taratibu kuelekea majini.

Asubuhi Bi Saida alinivuta pembeni, macho mekundu.

"Huyo anayeita alizama hapo na mwanawe mchanga," akasema. "Miaka mingi sasa. Anatafuta wa kwake. Mwenye mama yake hamgusi, ndiyo maana tunaandika. Ungemtaja tu, mwanangu."

"Na aliyekwishaitika?"

Akamtazama Beatrice aliyekuwa anafunga begi lake huku akiimba wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa Kimakonde. Beatrice hajui neno hata moja la Kimakonde.

Tukakatisha safari kurudi; hatujafika Mtwara, simu yake ikaita. Nilisoma jina juu ya kioo: Mama. Beatrice alisikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha. Kisha akanipa simu.

"Kuna mama wa watu analia humu," akasema. "Anadai amenizaa. Mwambie amekosea namba."