Chupa ya Mwisho ya Brandolesi

Jumanne ile niliingia kazini saa kumi na moja jioni, mji wa Buffalo wote theluji, nikiwa na supu ya mgonjwa wangu, Bibi Ottavia, mkononi. Nimlishe, nimwogeshe, kisha nikamchukue binti yangu Clémence kwa jirani. Kazi ya saa mbili tu.

Bibi Ottavia ni Mwitaliano wa miaka tisini, na kwa miaka arobaini hakuwa amevuka mlango wake. Wenzangu walisema ni woga wa uzee. Mimi alinisimulia mengine. Babu yake alikuwa na kampuni ya manukato huko Parma, Italia, ikiitwa Brandolesi. Binti wa babu alitaka kutoroka na mwanamume, basi mzee akamtengenezea marashi. Aliyejipaka hakuweza tena kutoka katika nyumba aliyojipakia, mpaka mwingine ayapokee kwa hiari. Wafanyakazi wakakimbia, Brandolesi ikafungwa, chupa moja ikasafiri na ukoo hadi Amerika, ikamfikia yeye. Nilicheka moyoni. Kumbe Wazungu nao wana mambo.

Baada ya supu akanipa chupa ndogo ya kijani. Kampuni yetu inakataza kupokea zawadi ya mgonjwa, hata peremende. Lakini mimi nimelelewa Bukavu. Kikongwe akikupa kitu kwa mikono miwili, unapokea, na unakitumia mbele yake aone umefurahi. Ile hadithi niliikumbuka. Nikaona aibu kumwonyesha kwamba namwogopa.

Nikajipaka shingoni.

Harufu ya maua... na chini yake, harufu ya kabati lililofungwa siku nyingi.

Bibi akasimama. Mwenyewe, bila fimbo. Akavaa koti, machozi yakimtoka.

“Nisamehe, mwanangu,” akaninong'oneza. “Wote waliokutangulia walikataa.”

Akafungua mlango, akatoka. Nikamkimbilia, nikijua ataanguka kwenye theluji.

Mguu ukagoma.

Harufu ikanijaa kooni, pumzi ikakatika... Nilipozinduka nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake. Kilikuwa bado na joto lake.

Mume wangu Balagizi alikuja usiku huo na mtoto. Alisimama nje akiamini nimemkasirikia tu.

“Toka basi, mama Clémence. Mutoto analia. Donc, basi, tuende.”

“Siwezi.”

Akanivuta mkono. Kizingitini nikawa bluu midomo, akaniachia. Tangu hapo hanivuti tena. Ananiombea akiwa barabarani, na mimi namchukia kwa kuweza kusimama pale barabarani.

Leo ni siku ya tatu. Polisi bado wanamtafuta Bibi. Naogopa, nakiri. Ninachoogopa zaidi si nyumba.

Jana Clémence alikaa mapajani mwangu, akanusa shingo yangu, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule kama na yeye anaweza kupakwa kidogo. Ana miaka sita. Nilimwambia hapana. Nilikawia kumwambia.

Alipoondoka nikaweka chupa juu kabisa ya kabati la jikoni, mahali ambapo hata mimi sifiki bila kupanda kitu.

Asubuhi hii nimeamka nikakuta chupa mkononi mwangu, na kifuniko kimeshafunguliwa. Nimempigia Balagizi mara kumi nimwambie asimlete mtoto. Hapokei, yuko zamu kiwandani, na akitoka humpitia mtoto shuleni na kumleta huku. Mtoto anatoka shule saa tisa, na ufunguo wa nyumba hii mimi mwenyewe nilimpa baba yake.

Sasa ni saa tisa na nusu, na chupa bado iko mkononi mwangu.

Nimeshaanza kutabasamu.