Pumzi ya Pili Ndani ya Stoo

Kwenye rekodi kulikuwa na pumzi mbili, na ndani ya stoo alikuwamo binti mmoja tu.

Kaka yake alivua hedfoni, akazipangusa, akazivaa tena. Pumzi mbili.

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta, wa hadithi. Mchezaji anazunguka mji wa kale na kupigana na majini kwa zamu: unapiga pigo moja, unashusha mkono, unangoja naye apige. Katikati ya pigano jini hutoa sharti, nawe unachagua kumtoa mwenzako sadaka au kujitoa mwenyewe. Kila jibu, la utu na la ukatili, lilitakiwa kusomwa kwa sauti. Kaka aliandika, mdogo wake akasoma, ndani ya stoo waliyoiziba kwa magodoro.

Kaka hana subira. Hujamaliza neno, keshakujibu. Asubuhi ile alimrudisha binti kwenye maneno yale yale ya kumpokea jini mpaka yakamchosha: "Nimekukubali. Ingia."

"Unasoma kama unamkaribisha fundi bomba," alimwambia. "Sema kama unamtaka."

Binti alimtania kwamba akimtaka sana atapata mchumba humo humo stoo. Wakacheka. Kisha akafumba macho, akasema kweli kweli, na kaka akaridhika. Rekodi hiyo ndiyo iliyokuwa na pumzi ya pili.

Kaka alipofungua mlango wa stoo, harufu ya nywele zilizoungua ilimpiga usoni. Binti alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Kaka alimwita, akamtikisa, akamsihi, hakujibiwa. Alipoishiwa maneno na kunyamaza, ndipo sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa yule binti.

"Umemaliza? Haya. Zamu yangu."

Mama alimleta mganga mchana huo huo. Mganga akachoma ubani na kujiandaa kumhoji jini, kama afanyavyo siku zote.

"Mzee, usimuulize kitu," kaka alinong'ona. "Ukinyamaza tu, umempa zamu."

Mganga akamwambia akae pembeni, kazi hii ameifanya tangu kijana huyu hajazaliwa. Akamuuliza jini anataka nini. Akanyamaza kusubiri jibu.

"Niliitwa, nikaja," ile sauti ilisema. "Huyu nitamwacha nikipewa mwingine. Chagueni."

Mganga akaongeza ubani, huku pumzi za binti zikipungua moja baada ya nyingine, midomo ikigeuka rangi ya majivu, mama akimpapasa miguu iliyokuwa baridi kama sakafu, na kaka, aliyelitunga sharti lile kwa mkono wake akaona ni kitu cha kuchezea, akijua kwamba jini atangoja hata mwaka, lakini mdogo wake hatafika jioni.

"Maneno niliandika mimi," alisema polepole. "Mwache. Nichukue mimi."

Mganga aliruka kumziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Binti akafumbua macho. Mganga akatangaza kwamba jini ametoka, akafunga mkoba wake. Kwa binti, kweli alikuwa ametoka.

Sasa kaka ana adabu. Hamkatizi mtu. Anakusikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, ndipo anajibu. Majirani wanamsifu. Mama anasema mwanawe amekua.

Jana, wakila chakula cha mchana, mama alimuuliza angependa apewe nini kwa wema wake. Kaka aliweka kijiko chini, akamtazama mama kwa tabasamu, akafungua mdomo. Binti akamwahi, asimpe zamu. Akaanza kusimulia habari za bati linalovuja, akaingia kwa fundi cherehani aliyeharibu gauni, akarukia paka wa jirani, hadithi isiyo kichwa wala miguu, hana hata nafasi ya kumeza mate, harufu ya nywele zilizoungua ikipanda juu ya sahani, machozi yakimtoka, sauti ikikwaruza, na kaka amemgeukia, ametulia, anangoja.

"Mwanangu, mpe na mwenzako nafasi aseme," mama alicheka.

Binti akatikisa kichwa, akaendelea, sauti imebaki uzi.

Kaka akajaza maji kwenye glasi, akamsogezea taratibu, akangoja anywe.