Athumani Alipunga Mkono

Ndugu zangu wa milimani, mnaolima kabichi na mnaouza mapeasi, tegeni masikio niwasimulie yaliyomfika Athumani, na asiwepo wa kusema hayamhusu.

Asubuhi za nyumbani kwa Athumani zilikuwa tamu. Nyumba ilikaa ubavuni mwa mlima juu ya Mombo, kibanda cha jiko cha udongo pembeni mwa ua, moshi ukipaa taratibu. Mkewe Saumu akichambua maharage, na binti yao wa pekee, Hidaya, wa miaka sita, akifukuza kuku kwa makelele yaliyowashinda kuku wenyewe. Athumani alilima vizuri, aliswali, hakunywa pombe. Mke angetaka nini tena?

Kisha ikaja kamera. Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, Mombo ikajaa mitumba ya kila aina, na katikati ya lundo la redio mbovu Athumani akaokota kamera ya Kijapani yenye lenzi ndefu. Hakuwa mpiga picha wa harusi wala wa vitambulisho. Alipiga kwa mapenzi tu: vinyonga, umande, na hasa ukungu. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita, na ulipoisha aliupeleka Tanga kusafishwa, akarudi ameikumbatia bahasha kama mtoto mchanga. Mwanzoni sote tulifurahi naye.

Picha aliyoitamani kuliko zote ni ya nyumba yake mwenyewe ikiibuka kwenye ukungu, ipigwe kutoka kilima cha ng'ambo ya bonde. Lakini chini ya ua ilisimama miti miwili mikubwa ya mishai, nayo iliifunika nyumba yote. Athumani akanoa shoka.

"Baba Hidaya," Saumu alisema, "miti hiyo marehemu baba mkwe aliipanda ishike udongo. Jiko langu limekaa juu ya mizizi yake."

"Miti miwili tu, Mama Hidaya. Nitapanda mingine."

"Lini?"

"Mvua zikianza."

Mvua zikaanza, zile za mwaka wa tisini na saba, mnazikumbuka. Athumani hakupanda kitu, maana mvua zilileta ukungu mzuri ajabu na kila asubuhi alikuwa ng'ambo. Siku moja Saumu alimshika mkono akamwonyesha ufa uani, kando ya jiko, unaoingia kidole. Mwanamume yule aliutazama, akaweka kiberiti pembeni ili upana uonekane, akaupiga picha. Wallahi, aliupiga picha!

"Mkanda ukiisha nitaushughulikia," akasema.

Ikafika siku ya gulio, kijiji kitupu. Athumani alikuwa ng'ambo tangu alfajiri, zimebaki picha mbili. Kwetu, mtu hashuki bonde kumwita mwenzake. Anasimama uani na kupaza sauti, bonde linaibeba. Aliyeitwa huitika, na akiitwa mara ya pili huja.

"Baba Hidayaaa!"

Athumani aliweka jicho kwenye kamera. Saumu alikuwa ukingoni mwa ua, mikono yote miwili juu, kanga nyekundu, ukungu mweupe nyuma yake. Moyo ulimruka kwa uzuri ule. Akabonyeza.

"Baba Hidayaaa!"

Alidhani anaitiwa chakula. Picha imebaki moja, na ukungu ndiyo kwanza unafunuka. Akainua mkono, akapunga: subiri.

Mara ya tatu sauti ilikuwa imepasuka. Saumu aligeuka, akakimbilia jikoni. Jicho la Athumani likiwa bado kwenye lenzi, akaona ua unasogea. Jiko likashuka pamoja na udongo, moshi wake ukiendelea kutoka.

Alikimbia. Bonde lile ni mwendo wa robo saa. Alianguka, akainuka, kamera ikabaki mtoni asijue. Njia nzima alijiambia jikoni hamna mtu, ilhali aliona kwa macho yake. Alimkuta Saumu amezama tope hadi kiunoni, anafukua kwa kucha.

"Ukuta uliinama, boriti ikambana Hidaya mguu! Nilishindwa kuinyanyua peke yangu! Chimba!"

Walichimba kwa mikono, wakachimba kwa mfuniko wa sufuria. Mvua ikaanza tena, ikaporomosha tope jipya kila walipotoa la zamani.

"Hidaya! Hidaya mwanangu!"

"Baba," sauti ikaitika chini ya udongo.

Aliisikia mara moja tu. Aliita tena, akaita, akalia, akamwomba Mungu amchukue yeye. Alasiri watu walirudi gulioni, wakaja na majembe, na jirani yao Tobia ndiye aliyemtoa mtoto. Aliitazama ile boriti, akasema kwa sauti ndogo, bila nia mbaya, "Watu wawili wangeiinua."

Tangu maziko Saumu hakumsemesha mumewe. Arobaini ilipokwisha, kaka yake Abubakari alikuja kumchukua. Athumani alipiga magoti mlangoni, akashika pindo la kanga yake. Saumu aliinama kumtazama. Tangu mtoto wao azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Nilikuita mara tatu, Athumani."

Akaliachanisha pindo na vidole vyake, akatoka.

FUNZO

Sisemi kamera ni mbaya. Burudani ya mtu ni haki yake, na mlima wetu ni mzuri kuutazama. Ubaya ni kupenda kitu mpaka watu wa nyumbani kwako wageuke mandhari. Mti unaoshika udongo usiukate kwa sababu ya tamaa ya macho. Ufa ukionyeshwa, uzibe siku hiyo hiyo. Na mtu wako akikuita kutoka ng'ambo, ndugu yangu, usimpungie mkono. Nenda.