Siku ya Sitini na Moja

Simu ilitetemeka mara tatu, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Kapteni Phakin, ambaye tangu utotoni watu wanamwita Tong, aliipokea bila kutazama kioo.

"Wali wa kunata umeiva," ilisema sauti ya Kanali Suphot kutoka Bangkok.

"Nani anakula?"

"Sonara. Amevuka mto alfajiri kwa mashua, darajani hakupita. Ana sura mpya, pasi mpya ya kusafiria na muhuri bandia wa kuingilia. Anaondoka hapo Tha Wiang saa tano, ndani ya gari mojawapo la wageni."

"Magari matatu, Mkuu. Watu thelathini."

"Kesho mawaziri wanakutana huku. Sonara akifika na mzigo wake, tutaokota vipande. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Simu ilikatika. Tong alitazama Casio yake. Saa nne kasorobo.

Kwa siku mbili alikuwa amekaa kibanda namba tatu cha uhamiaji akiwa na sare ya kuazima, Glock 19 chini ya meza na redio ndogo sikioni. Mfukoni alikuwa na kile kichupa cha dawa ya kunusa ambacho nusu ya nchi inatembea nacho. Chake kilikuwa na kamera kwenye kifuniko na taa ya zambarau kitakoni, ya kumulika wino.

Kibanda namba nne alikaa Jiab.

Jiab alikuwa mkewe kwa miaka sita. Makao makuu hayakumuuliza kama ataweza kufanya kazi hatua mbili kutoka kwake. Naye hakusema, kwa sababu jasusi anayelalamika juu ya mtalaka wake huhamishiwa stoo ya faili.

"Foleni yangu imejaa, Kapteni," alisema Jiab. "Yako ina nzi tu. Tabasamu kidogo."

Zamani alikuwa akimwita Kaka Tong, kama wanawake wa huku wanavyowaita waume na wapenzi wao. Siku hizi ni Kapteni.

Wageni walikuwa wanarudi kutoka Laos kwa makundi. Ni watu wale wale. Wanaishi nchini mwaka mzima bila viza, siku sitini zikiisha wanavuka daraja, wanakunywa kahawa, wanageuza. Kanuni inawaruhusu kuingia hivyo kwa njia ya barabara mara mbili kwa mwaka. Ya tatu afisa anaweza kumrudisha mtu alikotoka.

Kisha akaingia mrefu mmoja mwenye ndevu za rangi ya mahindi na fulana yenye madoa ya grisi.

Uso wa Jiab ulibadilika. Tong aliujua uso ule. Aliwahi kuwa nao nyumbani kwake.

"Kaka Eero," alisema Jiab. "Umechelewa. Saa tisa mama anaanza kufunga nyuzi, na mtawa amesema saa hiyo isipite hata dakika moja."

Kwa hiyo ni leo. Nyuzi nyeupe za uchumba, mkononi mwa Mfini huyu anayetengeneza baiskeli nyuma ya soko. Na ameitwa Kaka.

Ulikuwa wivu, na Tong wala hakujisumbua kuuita jina jingine.

"Wewe," alisema. "Njoo huku. Kibanda namba tatu."

"Bwana mkubwa, mimi nipo kwenye foleni ya—"

"Nimesema huku."

Alimpeleka kwenye benchi la chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaiweka pasi mezani. Alibonyeza redio ya sikioni.

"Mkuu, nina mtu hapa. Mrefu, ndevu, safari nyingi. Nadhani ndiye."

"Anaitwa nani?"

"Eero Kallio."

"Si ndiye yule wa Jiab?"

"Hilo halihusiani, Mkuu."

"Tong, una ushahidi au una wivu? Saa nne na nusu sasa."

"Nipe dakika kumi."

Aliwasha taa ya zambarau. Wino uling'aa kama inavyotakiwa. Akahesabu siku. Huku kwetu siku ya kuingia ni siku ya kwanza, hata ukiingia saa sita kasoro dakika moja usiku. Tarehe tano Januari hadi tarehe tano Machi, sitini. Aligeuza siku moja kabla; tarehe nne Machi hadi tarehe mbili Mei, sitini. Leo ni tarehe mbili Mei. Mwanamume alikuwa ametoka siku yake ya mwisho kabisa.

Akahesabu upya kwa vidole. Akahesabu mara ya tatu, akiomba moyoni ikosekane siku moja.

Haikukosekana.

"Umeshavuka mara mbili kwa barabara mwaka huu," alisema Tong. "Leo ni ya tatu."

"Najua. Nilitaka niende kuomba viza ubalozini Vientiane, lakini inachukua siku mbili tatu, na tarehe ya nyuzi ilikuwa imeshapangwa." Eero aliongea Kiisan, lugha ya watu wa huku, vizuri kuliko Tong mwenyewe, jambo ambalo nalo liliuma. "Nilikuja kuomba tu. Ukikataa nitaelewa. Ila naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Mbona wengine mnawapendelea?"

"Nani kapendelewa?"

"Sisi tukikutana swali la kwanza ni moja, umepewa hadi lini. Hapo uani nimemuuliza jamaa wa gari la pili, yule wa kofia ya bluu. Ameingia leo. Kasema hadi tarehe mosi Julai, akanionyesha na muhuri. Mimi ningepewa hadi thelathini Juni. Yeye ana nini cha kuongezewa siku?"

Tong alirudi kwenye vidole vyake.

Mbili Mei hadi thelathini Juni, sitini. Mosi Julai ni sitini na moja. Hakuna afisa wa nchi hii, hata mlevi, anayekosea hesabu hiyo. Aliyechonga muhuri ule alikuwa mgeni. Alihesabu usiku, kama wenye hoteli.

"Mkuu," alisema kwenye redio, tayari mbio. "Kofia ya bluu. Gari la pili."

"Na yule Mfini?"

"Msafi."

Neno lile lilitoka kwa shida.

Uani yalikuwa yamebaki magari mawili. Lile la pili, Toyota Commuter jeupe, lilikuwa limeshapita geti. Dereva hakusubiri saa tano.

Muuza supu alikuwa anateremka kwenye Honda Wave yake.

"Mama, naazima."

"Unaazima nini? Sufuria liko moto, wewe."

Aliondoka na pikipiki, sufuria na kila kitu. Mchuzi ulimwagika barabarani. Gari lilikuwa mbele mita mia tatu, likielekea njia kuu. Tong alikunja kwenye ukingo wa shamba la mpunga, akaruka mtaro, akatokea mbele.

Breki zililia.

Alisimama katikati ya barabara, Glock mkononi.

"Wote chini. Kofia ya bluu, shuka."

Mlango wa pembeni uliteleza. Mtu mfupi alishuka polepole, begi kifuani, mkono mmoja ndani ya begi. Alikuwa anatabasamu.

"Afisa, pasi yangu ni halali. Nina hadi tarehe mosi Julai."

"Ndiyo tatizo lako."

Tabasamu lilikufa. Mkono ulitoka na Makarov.

Risasi mbili. Zote za Tong.

Ya kwanza ilivunja bega, ya pili ikairusha bastola mtaroni. Ndani ya begi kulikuwa na saa sita za ukutani, waya, na pakiti nne za vilipuzi zilizofungwa kwa nailoni kama keki za sikukuu.

"Sonara yuko chini," alisema Tong. "Yu hai. Mzigo wote upo."

"Safi sana," alisema Kanali. "Nani alikupa fununu?"

Tong alitazama mchuzi unaokauka kwenye suruali yake.

"Msamaria mmoja, Mkuu."

Alirudi kituoni saa saba. Eero bado alikuwa kwenye benchi. Jiab alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nimesikia," alisema. "Na nimesikia ni nani aliyekuambia. Mpigie muhuri, Kaka Tong. Nakuomba."

Kaka Tong. Miaka miwili hakuwa amelisikia. Lilimfurahisha, kisha likamchoma, maana lilitamkwa kwa ajili ya mwanamume mwingine.

Muhuri wa kuruhusu ulikuwa mkono wa kulia. Wa kukataa, kushoto. Mkuu wa kituo alikuwa amemwachia aamue. Angeweza.

"Mara mbili kwa mwaka," alisema. "Hii ni ya tatu. Kanuni sikuiandika mimi."

Akapiga wa kushoto.

Eero aliichukua pasi, akaunganisha viganja kwa heshima, akatoka kurudi darajani. Hakulalamika. Tong alitamani angalau angetukana.

Jiab naye alivua kitambulisho cha kazi, akasaini fomu ya likizo, akaondoka.

Tong alikaa kibanda namba tatu. Saa nane ilikuwa bado. Saa tisa ikipita, mtawa atatafuta siku nyingine, pengine baada ya mavuno, na mengi hutokea kabla ya mavuno. Alijisikia vizuri kwa dakika ishirini.

Kisha foleni ya kutoka ikajaa wenyeji waliovaa hariri.

Wa kwanza alikuwa mama yake Jiab, na sinia la maua, mayai na nyuzi nyeupe. Nyuma yake wajomba wawili na kreti za bia, shangazi watatu, majirani. Mwisho Jiab, katika sketi ya zambarau ambayo Tong hakuwahi kuiona.

"Tong, mwanangu, umekonda," alisema mama. "Tupigie upesi. Binamu zangu wa ng'ambo wametandika mikeka tayari."

"Mnakwenda kwa muda gani?" aliuliza Tong, kwa sababu fomu inauliza.

"Sisi tunarudi jioni," alisema mama.

"Mimi siku thelathini," alisema Jiab. "Kule tunaingia bila viza. Zikiisha nitatoka, nitaingia tena."

Aliweka pasi yake juu ya meza.

Hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Tong aliitafuta kichwani, zote anazozijua, na hakuna.

Alipiga muhuri. Akapiga za shangazi, za wajomba, za majirani, kumi na tisa zote, na tarehe ilikuwa sahihi katika kila moja.

Kisha alifunga kibanda, akavaa miwani yake ya jua, akapita katikati ya askari waliompigia saluti, bila haraka, akaenda kumrudishia muuza supu pikipiki yake.