Pakiti ya Kijani na Macho ya Fundi Saa

Kila asubuhi nyumba ya mshonaji iliamka kwa sauti mbili. Moja ilikuwa ya cherehani yake karibu na dirisha. Nyingine ilikuwa ya kijiko cha baba yake kikigonga bakuli. Baba alikuwa fundi wa saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, hata wale waliojua jina lake. Akishamaliza kula, alikaa mezani kwake, akabana kioo cha kukuzia jichoni, na kazi ikaanza.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na binti yake hakutaka mchezo. Sukari ya chai aliifungia kabatini. Biskuti alizipiga marufuku. Kwa kifungua kinywa alimnunulia nafaka ya pakiti ya kijani, iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa: KILIMO HAI.

"Hai?" mzee aliuliza siku ya kwanza. "Basi funika bakuli, isije ikatoroka."

"Baba nawe. Maana yake imelimwa bila dawa za viwandani. Ni chakula safi. Kula ushibe."

Mzee hakubisha. Nafaka yenyewe ilikuwa tamu, ina asali na tende. Alijaza bakuli mpaka juu, na binti alifurahi kumwona anakula kwa hamu.

Baadaye macho ya mzee yakaanza kumsumbua. Siku moja alikuwa akitengeneza saa ya mkononi ya binti yake, ile aliyoachiwa na marehemu mama. Skrubu ndogo ilimponyoka. Akaitafuta, akaipata, ikamponyoka tena. Aliweka koleo chini.

"Naona ukungu," alisema. "Skrubu moja naiona mbili."

Walikwenda kliniki. Kipimo kilionyesha kwamba sukari imepanda sana. Daktari alimwambia mzee aendelee na dawa zake, aangalie chakula chake, kisha arudi kupimwa. Walipofika nyumbani, binti hakuweza kujizuia.

"Baba, unakula sukari kwa siri."

"Sijaigusa."

"Kipimo kimesema."

"Mwanangu, saa za watu zimepita mikononi mwangu maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kusema nimemchomolea hata skrubu. Leo nije niibe sukari ndani ya nyumba yangu?"

Alisukuma kiti, akaenda chumbani, akafunga mlango. Binti aliumia moyoni, lakini hakumwamini.

Jioni jirani yao alipiga hodi. Alikuwa muuguzi pale kliniki. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenye kisukari namna ya kula. Siku hiyo alifuata gauni lake alilompa mshonaji amshonee.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti.

"Marahaba," ilijibu sauti iliyonuna kutoka chumbani.

"Kuna nini humu?" muuguzi aliuliza taratibu.

Mshonaji alimweleza yote. Muuguzi alisikiliza, kisha akauliza, "Asubuhi anakula nini?"

"Hapo sina wasiwasi. Anakula kilimo hai." Akaiweka pakiti ya kijani mezani kwa majivuno.

Muuguzi aliigeuza. "Wewe ukinunua kitambaa, unaangalia upande mmoja tu?"

"Thubutu. Nakigeuza, nakivuta, naangalia na uzi."

"Basi na pakiti fanya hivyo hivyo. Mbele ni pambo, habari iko nyuma. Soma viungo. Huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi."

Mshonaji alisoma. "Oti. Asali. Sharubati ya mchele. Tende."

"Cha pili asali, cha tatu sharubati. Hiyo yote ni sukari."

"Lakini asali si sukari ya dukani."

"Damu ya mzee haiulizi kama ni nyuki au ni kiwanda. Soma hapa sasa. Kila gramu mia moja za nafaka hii zina gramu ishirini na nne za sukari. Nipe glasi na sukari uliyoifungia."

Muuguzi alichota vijiko sita vya chai, akavimimina kwenye glasi. Kijiko kimoja kina kama gramu nne. Kisha akamwambia mshonaji ajaze bakuli la mzee kama kawaida, wakaipima nafaka kwenye mizani ya jikoni. Ilikuwa gramu mia moja na zaidi.

Mshonaji aliitazama glasi. Aliona aibu. Mwizi wa sukari aliyekuwa akimtafuta alikuwa yeye mwenyewe.

"Kumbe kilimo hai ni uongo?" aliuliza.

"Hapana. Neno hilo linakwambia nafaka ililimwaje. Halikwambii ina sukari kiasi gani. Mkulima alifanya yake, kiwanda kikaongeza asali."

Mshonaji alileta pakiti nyekundu ya kawaida, nafaka ya mahindi aliyokula mwenyewe. Sukari ilikuwa gramu nane. Vitamini na madini ya chuma vilikuwa vimeongezwa.

"Basi hii ndiyo bora."

"Usikimbilie. Soma nyuzinyuzi, ndizo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Gramu tatu tu. Mahindi yaliyokobolewa hivi hupandisha sukari ya damu haraka, hata kama si matamu sana. Kesho tutapita dukani."

Kesho yake muuguzi alichukua rafuni pakiti mbili za oti tupu, moja ya kilimo hai, nyingine ya kawaida. Mshonaji alizigeuza bila kuambiwa. Viungo: oti peke yake. Sukari: gramu moja huku, moja kule. Nyuzinyuzi: kumi huku, kumi kule.

"Mapacha hawa," alisema.

"Ndiyo. Ukitaka kukwepa dawa za shambani, na uwezo unao, chukua ya kilimo hai. Kwa sukari ya mzee, ni sawa tu. Ila mpimie kikombe kidogo, usimjazie bakuli. Na dawa asiache."

Mshonaji alichukua ya kawaida. Nyumbani aligonga mlango wa chumbani, maana mzee alikuwa bado amenuna.

"Baba, nisamehe. Hukuiba. Mimi ndiye niliyekulisha."

Mlango ulifunguliwa. "Nilijua mwizi ni mtu wa ndani," mzee alisema, na wote wawili wakacheka.

Siku zikapita. Mzee alilalamika kwamba oti hazina ladha, kisha akazizoea, akawa anaongeza karanga chache. Kipimo kilichofuata kilionyesha kwamba sukari imeshuka vizuri. Ukungu machoni ukapungua, mwishowe ukaisha.

Asubuhi moja cherehani ilikuwa ikilia dirishani. Mzee alimwita binti yake, akamwekea saa ya mama sikioni. Ilikuwa ikitembea.

"Sikiliza," alisema. "Hii sasa ndiyo hai."